Kiswahili cha Pili

Mama Eliza alipofariki mwaka jana, watoto wake waliniita kutoka Lubumbashi nikae nao kwenye matanga kule Kikula, mtaa wa Likasi, wakaniweka kwenye mkeka wa ndugu wa karibu kabisa, pembeni ya binti yake mkubwa. Mjukuu mmoja, msichana wa shule, akaniuliza kwa adabu mimi ni ndugu yao kwa upande gani, maana jina langu halifanani na la mtu yeyote katika ukoo wao. Wakubwa wakatabasamu. Nikamwambia kwamba bibi yake aliwahi kusema uongo mmoja mbele ya lango la uwanja wake, na uongo ule ukageuka undugu. Akataka nimweleze. Nilianza pale pale, kwa sauti ya chini, wanawake wakiimba nyimbo za kanisa, lakini habari yenyewe ilikuwa na mbwa ndani yake, na nilipofika kwa mbwa nilihisi kicheko kinanipanda kifuani. Mbele ya marehemu si vizuri. Nikamwahidi nitaiandika, naye akaniangalia kama watoto wanavyowaangalia wazee wanaoahidi mambo.

Mwaka wa uongo huo Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Ilikuwa na bendera yake na askari wake, na vijana wake waliozunguka mitaani wakiuliza watu wanatoka wapi. Kwenye stesheni mji wetu uliitwa kwa jina la mzungu, lakini sisi tulisema Likasi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikiitwa Mado, na nilikuwa nimezaliwa hapo hapo, nikicheza na kugombana kwa Kiswahili cha Likasi kama mtoto yeyote. Lakini wazazi wangu walikuwa watu wa Kasai, jimbo jirani, na mwaka ule neno hilo lilitosha kuchomewa nyumba. Baba alikuwa amekwenda Kasai kumzika kaka yake, njia zikafungwa nyuma yake. Majirani wenzetu wa Kasai katika kambi ya wafanyakazi walianza kuondoka, wengine na magodoro kichwani, wakienda kwenye makambi ya mahema kungoja treni ya kuwarudisha Kasai. Mama alikataa. Alisema Baba akirudi atatutafuta Likasi, na kwamba Kaku, mama yake Baba, hangeweza kulala hemani na ule mguu wake uliovimba. Kaku ndivyo tunavyomwita bibi kwa lugha yetu. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Akishasema "hapana," ungeweza kusukuma ukuta ukaanguka kabla yake.

Aliyetuchukua ni Mama Eliza. Alikuwa Msanga, mtu wa Katanga hasa, mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili, na Mama alikuwa akimshonea nguo. Alikuja kambini mchana kweupe na mkokoteni, akapakia sufuria zetu mwenyewe. "Kuya kwangu," akamwambia Mama, maana kwetu kuya ni njoo, na njo ni ndio. "Nitasema njo bandugu yangu ba Koni. Nani atanibishia? Nani anaweza?" Alipofika Kikula alisimama langoni pake, akamtambulisha Kaku kwa mtaa mzima, kwamba ni shangazi yake mgonjwa kutoka Koni, nchi ya Wasanga, amekuja kwa ajili ya mguu. Huo ndio uongo wenyewe.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba, cha matofali mabichi, bati lake limeshikiliwa na mawe. Kulikuwa na kitanda cha Kaku, mkeka wangu na Mama, cherehani juu ya sanduku, na dirisha dogo lililotazama uani, ambapo Mama Eliza alipika munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi. Wateja walikaa kwenye mabenchi chini ya dirisha letu, na kila walichosema kilitufikia. Habari zote za mwaka ule nilizipata hapo, kutoka kwa watu waliokuwa wakifuta midomo. Nilijua mtaa gani umebaki mtupu, nani amehamia nyumba ya nani, nani amepelekwa Buluo gerezani kwa sababu alijibu salamu kwa lugha isiyotakiwa. Tulikula bukari, ndio ugali, na sombe ya majani ya muhogo karibu kila siku, mlango umefungwa, tukiwasikiliza. Kaku peke yake hakusikiliza. Alikuwa amekuja Likasi uzeeni, na hakujua Kiswahili, wala hakutaka kukijua.

"Hiyo ni lugha ya kupigiwa kelele," alikuwa akisema kwa lugha yetu. "Mwanangu anapigiwa hiyo kiwandani. Beba, leta, kimbia. Mimi sikuzaliwa nipigiwe kelele."

"Basi nyamaza tu, Mamu," Mama alimsihi mama mkwe wake. "Watu wakikusalimu, itika kwa kichwa."

Na kweli alinyamaza, wiki nyingi, mpaka Mama Eliza alipotuletea mtoto wa mbwa. Jike lake lilikuwa limezaa, na mmoja alibaki, mwekundu kama udongo, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa chake. Mama Eliza alifikiri atamchangamsha mgonjwa. Alimchangamsha kupita kiasi. Kaku alimpakata, akampa jina la Kabwa, yaani kijibwa tu, akaanza kumsemesha kutwa kucha, mlango wazi, kwa lugha ya Kasai iliyonyooka. "Lwaku!" njoo. "Shikama!" keti. Yule mtoto wa mbwa alikuwa na akili. Haukupita muda akawa anakuja na kuketi. Na siku moja, mimi nikiwa dirishani, nilimsikia mteja mmoja akimuuliza Mama Eliza, polepole, "Ule mama wa nyuma anasema na mbwa luga gani?"

"Luga ya bazee," Mama Eliza akajibu. "Kichwa yake haiko muzuri. Kunywa munkoyo yako."

Mteja akanywa, lakini hakucheka. Jioni Mama alijaribu tena. Alipiga magoti mbele ya Kaku, kama mkwe anavyopaswa, akamweleza kwamba watu wanasikia. Kaku akasema ameahidi kunyamaza na watu, na amenyamaza. Mbwa si mtu. Mama akaniangalia. Ndipo nilipoliona jambo ambalo, nikilitazama sasa, liliamua maisha yangu, maana baadaye nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Niliona kwamba Kaku hangebadilika kwa kusihiwa na mtu yeyote, lakini mbwa alikuwa bado mdogo. Mbwa akiwa hasikii ila Kiswahili, Kaku atafanya nini? Sikumwambia mtu. Kesho yake nilimpa mbwa jina la Pilipili, kwa kifupi Pili, nikachukua vichwa vya samaki wakavu kutoka jikoni, na tukaanza.

Nilianza vibaya. Mama Eliza aliniona nikihangaika, akasema, "Mupige kidogo, atasikia." Nikampiga kofi la ndala. Pili akaingia chini ya kitanda cha Kaku na hakutoka mpaka jua lilipoelekea kuzama, kwa lugha yoyote. Sikumpiga tena. Nilianza upya kwa kumwangalia yeye badala ya kuangalia nilichotaka. Niliona kwamba nikishika kichwa cha samaki juu ya pua yake na kukirudisha nyuma taratibu, kichwa chake kinakifuata, na makalio yanashuka yenyewe. Wakati ule ule yanapogusa chini nilisema "Ikala," ndivyo Likasi tunavyosema kaa, na kumpa samaki papo hapo. Nikichelewa kidogo tu, akawa ameshasimama na anadhani nimemlipa kwa kusimama. Neno moja, sauti moja, samaki mara moja. Akichoka, tunaacha. Nilijifunza pia kumaliza na jambo analoliweza, ili kesho aje akikimbia.

Maneno yenyewe niliyachagua kwa hesabu, maana mwanafunzi niliyemkusudia hasa alikuwa amekaa kitandani akijifanya haoni. Nililiacha "rudia," yaani rudi, kwa sababu ulimi wa Kaku ungetamka "ludia" na mtu angesikia Kasai ndani yake. Kwa kumzuia asiende nilitaka "simama," lakini kila niliposema "Simama!" Pili aliketi chini, kwa kuwa masikioni mwake lilikuwa "shikama" la Kaku. Nikalisema kwa nguvu zaidi. Akaketi kwa nguvu zaidi, akinitazama kwa fahari. Mama alicheka mpaka akaangusha mkasi, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tuhamie Kikula. Basi nikachukua "ngoya," ngoja ya kwetu, neno jepesi lisilo na mtego. Nikawa na "kuya" ya kumwita, "ikala," "ngoya," "nyamaza" akibweka, "acha" akiuma kitu, na "toka" akiingia jikoni kwa Mama Eliza. Hayo tu. Ngoya ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilimketisha, nikarudi nyuma hatua moja, nikamrudia kabla hajanyanyuka, nikampa samaki. Kisha hatua mbili. Akinifuata, nilimrudisha pale pale alipokuwa, bila hasira, na kuanza tena. Kuna asubuhi nilizolia kwa uchovu. Lakini nilikuwa mtoto wa Mama, na kila asubuhi nilikuwa uani kabla moto wa munkoyo haujawashwa.

Kaku alijua vizuri kinachoendelea. Mwanzoni alinipinga waziwazi. Nikisema "Ngoya," yeye ndani akaita "Lwaku!" na mbwa akaruka kama mshale kumfuata. Lakini mimi nilikuwa na samaki na yeye hakuwa na samaki. Polepole Pili alianza kusita, akimwangalia Kaku, akiniangalia mimi, masikio yakicheza. Na ikafika siku Kaku alimwita, na Pili akabaki ameketi miguuni pangu. Kaku akaita mara ya pili, kwa sauti laini. Pili akapiga mkia chini, hakuondoka. Kaku akageukia ukuta. Nilitamani kumbeba yule mbwa nimtupe mapajani mwake na kuacha mchezo wote ule. Kumbuka alikuwa amepoteza mwanawe mmoja, na wa pili yuko nyuma ya njia zilizofungwa, na majirani wa lugha yake wote wameondoka. Kilichobaki cha kumwitika kilikuwa huyo mnyama. Mama alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. "Usiache sasa, Mado," akasema. "Ukiacha sasa umemwumiza bure."

Siku zikapita, Kaku hamwiti mbwa wala mtu. Kisha asubuhi moja, nikiwa nimeketi mlangoni na Pili, nikaona mkono wake umenyooshwa mbele yangu, kiganja wazi. "Nipe samaki," akasema kwa lugha yetu.

"Sema neno kwanza, Kaku."

"Lwaku."

"Si hilo."

Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi, mjukuu wake, sikuyainamisha macho. Mpaka leo sijui nilipata wapi uso wa kufanya vile. Mwishowe akageuka kwa mbwa, na kwa mdomo wa mtu anayetema mwiba wa samaki akasema, "Kuya."

Pili alipanda mapajani mwake kwa kishindo, akamlamba kidevu, na Kaku akampa kichwa cha samaki, kisha akampa cha pili, kisha akasahau kunificha kwamba anacheka. Tangu siku hiyo alininyang'anya kazi. Kusema kweli alikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Hakurudiarudia neno, hakupandisha sauti, alikuwa na muda wote wa dunia. Alisema "Ngoya" mara moja, kwa sauti ndogo ya chini, akaendelea na kumenya karanga zake, na mbwa alibaki pale hata kuku wakipita mbele ya pua yake. Wateja wa munkoyo walianza kumtazama na kumsifu. Alikuwa na maneno sita tu ya Kiswahili, yote ya kuamrisha, na aliyatamka kama mtu aliyezaliwa nayo.

Walikuja kiangazi, mchana, wakati Mama na Mama Eliza wamekwenda sokoni kutafuta mahindi. Nilikuwa natwanga sombe. Kaku alikuwa kwenye kigoda chake, Pili ameketi kando. Lango likafunguliwa bila hodi, wakaingia vijana watatu wa wale wa kuuliza watu wanatoka wapi, na nyuma yao askari mmoja wa makamo mwenye bunduki na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Kiongozi wao alivaa koti juani.

"Benye nyumba beko wapi?"

"Banaenda ku soko," nikajibu.

"Na ule mama?"

"Njo shangazi ya Mama Eliza. Anatoka Koni."

"Minye sikuuliza weye. Aseme yeye mwenyewe." Akanisogeza kwa mkono, akaenda kusimama mbele ya Kaku. "Mama mukubwa, jambo. Unatoka wapi?"

Mchi ulikuwa bado mikononi mwangu na sikuweza kuushusha wala kuuinua. Pili alianza kunguruma. Kaku hakumwangalia Pili. Alimwangalia kijana, moja kwa moja, kama alivyokuwa akimwangalia mtu aliyemkanyagia mkeka.

"Nyamaza," akasema.

Mbwa akanyamaza. Kijana naye, aliyekuwa ameshafungua mdomo, akaufunga.

"Ikala," akasema Kaku. Pili alikuwa tayari ameketi, akajikaza akaketi zaidi. Na kijana mmoja mwembamba, aliyekuwa akizungukazunguka karibu na pipa la munkoyo, akaketi kwenye benchi. Nadhani hakujua kwamba ameketi. Mwenzake alimwona akaanza kucheka kwa pua.

"Mama, nakuuliza muzuri," akasema mwenye koti. "Koni ni kukubwa. Unatoka fasi gani?"

"Ngoya." Kaku alinyanyua kiganja kimoja. Kisha akaushika mguu wake uliovimba kwa mikono miwili, akauinua, akausogeza, akauweka chini upya, taratibu, huku wote wakimngojea. Alipomaliza aliweka mikono mapajani, akamwangalia tena yule kijana, na hakusema kitu kingine chochote.

Askari akapasuka kicheko. "Ule njo sergent wa kweli! Mu kambi yetu hatuna muntu wa kusema vile. Twende, bana, jua iko kali."

Wakaanza kuondoka. Mwenye koti aliondoka wa mwisho, na nilikuwa nimeanza kupumua alipogeuka langoni. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtoto mwema. Akasema kwa sauti tamu, kwa lugha ya Kasai, na alilitamka neno vizuri kabisa, kama mtu aliyekua na watoto wetu uwanja mmoja, "Lwaku, Kaku. Lwaku."

Kwa miezi mingi hakuna aliyemwita Kaku hivyo zaidi yetu. Uso wake haukutikisika. Lakini mimi sikuwa namwangalia yeye. Nilikuwa naangalia masikio ya Pili. Yalisimama. Lile lilikuwa neno lake la kwanza duniani, neno la utotoni mwake, na sasa lilikuwa linamwita kwa upendo kutoka langoni. Makalio yake yalinyanyuka kutoka chini. Mkia ukaanza kupiga. Kama angekwenda, hata mtu mjinga angejiuliza mbwa wa shangazi wa Koni amejifunza wapi lugha hiyo, na yule kijana hakuwa mjinga.

"Ngoya, Pili," akasema Kaku, kwa sauti ile ile ndogo ya kumenyea karanga.

Pili alitetemeka mwili mzima. Nilimwona akitaka kwenda kwa kila unywele wake. Kisha akashusha makalio chini, akabaki. Kaku alimtazama yule kijana kwa uso wa mtu anayesikia sauti ya ndege asiyemjua, akanyoosha kidole langoni. "Toka," akamwambia. Akatoka.

Tulingoja sauti zao zifike mbali. Kaku alitaka kumpa Pili samaki, samaki akaanguka, akaanguka tena, mpaka nikamshika mkono tukampa pamoja. Mama Eliza aliporudi na kuelezwa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaketi kwenye benchi, akaomba maji. Mama hakucheka. Aliingia chumbani, akafunga mlango, na cherehani haikusikika mchana wote ule.

Hawakurudi. Yalikuja mengine, milio ya bunduki kwa wiki kadhaa, kisha askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu, kisha bendera nyingine, na Katanga ikaacha kuwa nchi. Watu waliliona hilo kwa namna zao; sisi tuliliona kwa kuwa treni zilianza tena. Baba alifika asubuhi moja bila taarifa, amekonda, na mfuko mmoja begani. Alikuwa ameelekezwa na watu wa kambi yetu ya zamani. Mimi nilikuwa kisimani, Mama alikuwa ndani, na tulipokimbilia lango kwa kusikia kelele tulimkuta Pili, ambaye sasa alikuwa mbwa mkubwa, amemzuia pale pale, meno nje, maana hakuwa amemwona maishani mwake. Wateja wa munkoyo walikuwa wamesimama na vikombe vyao. Nusu ya mtaa ilikuwa inatazama, watu wale wale walioambiwa kwamba bibi huyu ni wa Koni.

Kaku hakuweza kukimbia. Alijinyanyua kutoka kwenye kigoda chake, akasimama wima kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akashika nguzo. Baba alikuwa hajawahi kusikia mama yake akisema Kiswahili. Wala sisi hatukuwa tumewahi kumsikia akitumia neno lolote la lugha hiyo nje ya yale sita.

"Acha, Pili," akasema Kaku, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Ule njo mutoto yangu."